Maji Chini ya Petroli

Gari bovu haliniogopeshi. Magari mabovu ndiyo yanayonilisha. Gari la mdogo wangu ndilo lililokuwa likinitia hofu, na lilinitia hofu hata likiwa zima. Lilikuwa gari la spoti la milango miwili, limelala chini hivi kwamba ukitaka kuingia unajiangusha na ukitaka kutoka unaomba mkono. Alilinunua mkononi kwa mtu huko Dar, akalipenda kuliko tulivyotarajia kwa mtu mzima mwenye mke. Kila akija nyumbani Lindi nalo, mama alikuwa hali wala hanywi mpaka apigiwe simu kwamba mwanawe amerudi Dar salama.

Gereji yangu iko Mitwero, nyuma ya nyumba ya mama, mabati manne juu ya nguzo na shimo la kuchungulia magari chini. Wateja wangu ni pikapu za kubebea korosho, bajaji, na pikipiki zilizochoka. Gari la spoti lilikuwa hilo moja tu.

Alifika Jumatatu, gari halina neno. Jumatano akaenda Sudi kuwaona wakwe zake. Aliporudi alasiri hakupiga honi kama ilivyo tabia yake. Alizima mbele ya banda, akabaki ndani. Nilipoinama kumchungulia nilimkuta bado ameshika usukani kwa mikono miwili, kama vile kuna mtu anataka kumnyang'anya.

"Shikamoo, kaka," alisema. "Limenikatia moto nikiwa katikati ya kuovateki."

Nilimtoa, nikampa maji, akasimulia. Alikuwa kilimani, lori la saruji mbele yake linatambaa, barabara mbele anaiona nyeupe. Akatoka, akakanyaga mafuta. Alipofika ubavuni mwa lori gari likapiga chafya mara mbili, nguvu zikaisha. Juu ya kilima kikatokea kichwa cha basi. Dereva wa lori alifunga breki akamwachia nafasi, la sivyo nisingekuwa nasimuliwa. Akaniambia vilevile kwamba mara ya mwisho alipotoka kwetu lilimfanyia hivyo hivyo, sehemu mbili za njiani. Mafundi wa Dar wakalipima wasione kitu, na kwa muda wote aliokaa Dar halikukata tena.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema hakutaka mama asikie. Ijumaa baada ya swala alikuwa lazima aondoke, kazini wanamsubiri, na safari ya Dar ni milima na malori. Nikaona nina siku moja na nusu, na kitu kilichokuwa mikononi mwangu si gari, ni mtoto wa mama yangu.

Injini inayokata kwenye mpando ina njaa ya petroli, hilo hata fundi wa juzi analijua. Ama pampu imechoka, ama chujio limeziba, ama kuna waya unalegea gari likiinama. Alhamisi asubuhi nilifunga geji ya kupima msukumo wa petroli, nikapitisha mpira wake nje ya boneti, nikaibandika geji kwenye kioo cha mbele kwa gundi ya karatasi ili niione tukiwa tunakwenda. Likiwa limesimama, mshale ulitulia pale panapotakiwa. Lakini gari likisimama bandani ni kama mgonjwa akimwona daktari, maumivu yote yanapotea. Ilibidi tulipeleke mlimani.

Yeye aliendesha, mimi nikakaa pembeni macho kwenye mshale. Niseme ukweli, niliogopa kuliko yeye. Nimeshakaa chini ya magari yaliyoegemezwa kwa mawe, lakini sijawahi kukaa kwenye kiti nikisubiri gari lizimike makusudi. Nilimwambia asiovateki hata baiskeli. Tulipanda polepole, mshale haukutikisika. Tulipofika katikati ya mpando nikamwambia kanyaga. Akakanyaga. Gari likavuta, likavuta, halafu likapiga ile chafya aliyoniambia na miguu yangu ikaanza kusukuma sakafu kama mimi ndiye niliye na breki.

Nikautazama mshale. Ulikuwa palepale.

Injini ikazima. Nyuma yetu kulikuwa na lori ambalo sikuwa nimeliona, na honi yake ilikuja kabla yake. Mdogo wangu aliliachia gari lirudi nyuma kidogo, akakata usukani, tukaingia kwenye majani ya kando. Lori likapita, gari letu likatikisika lote. Nilifungua mlango nikajitoa nje.

Kilichonitisha zaidi ni ule mshale. Pampu ingekuwa imechoka, ungeanguka. Chujio lingekuwa limeziba, ungeanguka. Ulisimama vilevile wakati injini inakufa, maana yake pampu ilikuwa inasukuma vizuri kabisa, ila kinachosukumwa hakiwaki. Nilikaa kwenye majani nikaliwaza hilo, nikajua tuna maji ndani ya tangi, na gari likipanda yanakimbilia kwenye pampu.

Tulisubiri, likawaka tena tulipolilaza tambarare, tukarudi mwendo wa kobe. Bandani nilizima simu, nikavuta ndoo ya mchanga karibu, nikafungua mpira wa petroli na kuielekeza pampu imwagie kwenye chupa kubwa ya kioo iliyokuwa ya achari. Nilikuwa nimeliinamisha gari kwa jeki ili lidhani liko mlimani. Petroli ilijaa nusu chupa. Nikaiweka mezani itulie. Punde ikajigawa, petroli juu, na chini vidole viwili vya maji.

Maji yale yalikuwa ya manjano. Si rangi ya kutu, kutu naijua. Nikatoa kiti cha nyuma, nikaichomoa pampu tangini, nikaangalia kichungi chake kwa miwani. Nyuzi mbili nyekundu, nyembamba, zilikuwa zimenasa kwenye wavu. Nikazichukua kwa ncha ya kisu. Ilikuwa zafarani.

Hapo nilikaa chini. Zafarani nyumbani kwetu haitiwi kwenye pilau, ni ghali. Ipo kwa ajili ya kombe tu. Mama humpelekea maalim, maalim anaandika aya kwenye sahani nyeupe kwa wino wa zafarani, anazisuuza kwa maji, na maji yale yanawekwa kwenye chupa anywe mwenye haja. Mimi nimeyanywa tangu mdogo, kabla ya mitihani, kabla ya jando, nilipougua homa. Mdogo wangu alikuwa anakunywa zamani. Siku hizi akija, mama akimmiminia, anasema tumbo linamsumbua, anaiacha bilauri mezani. Nilimwona mama akiibeba ile bilauri kurudi nayo ndani, sikujua aliishia nayo wapi.

Mdogo wangu aliuliza ni nini. Nilikuwa nimeshaipangusa ncha ya kisu kwenye suruali. Nikamwambia ni petroli ya chupa, ile ya kununua barabarani, wamechanganya na maji. Akasema kweli, alishawahi kuinunua mara moja Mchinga. Akamlaani muuzaji yule asiye na hatia, na mimi nikaitikia.

Nililimwaga tangi lote, nikalikausha, nikalisafisha chujio, nikaweka petroli mpya niliyoichuja mwenyewe. Jioni tulirudi mlimani mara tatu, halikukata. Akanikumbatia. "Umemaliza, kaka?" Nikasema nimemaliza.

Nilitaka kumwambia mama jioni ile. Nilikwenda mpaka mlangoni kwake, nikamkuta anashona kofia, akaniuliza kama gari limepona, nikasema limepona, akasema alhamdulillahi kwa namna iliyonifunga mdomo. Nimwambie nini? Kwamba dua yake ndiyo iliyotaka kumuua mwanawe ubavuni mwa lori? Ana miaka zaidi ya sabini na moyo wake haumtulii. Nikajiambia nitamwambia taratibu, mtoto akishaondoka, nikiwa nimepata maneno. Ulimi ulikuwa mzito, na mimi ni mtu ninayejulikana kwa kusema hovyo.

Ijumaa tulikwenda msikitini sote wawili. Gari lilibaki uani, milango haikufungwa, nani ataiba gari kwa mama. Tuliporudi alikula haraka, akamuaga mama, mama akamshika kichwa akamwombea, akaondoka. Nilisikia mlio wake mpaka ulipopotelea barabara kuu.

Nilipoingia ndani nilimkuta mama anakula. Alikuwa amejipakulia wali na samaki, anakula kwa utulivu, kwanza anachambua miiba. Sijawahi kumwona akila mwanawe akiwa njiani.

Nikamuuliza kama leo hana wasiwasi. Akasema hana. Akasema siku zote alikuwa anatia kidogo, kile tu alichokiacha mtoto kwenye bilauri, na kumbe haikutosha, ndiyo maana gari lilisumbua. Leo wakati tuko msikitini ametia chupa nzima.

"Dawa hunywewa," alinieleza, kama anayemfundisha mtoto. "Yeye hataki kunywa. Gari linakunywa, nilimwona analinywesha kwa dumu hapa uani."

Nilichukua simu. Iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikaita. Anapoendesha haipokei, mama mwenyewe ndiye aliyemkanya. Mama aliacha kula, akanitazama. Nilipiga mara ya tatu nikiwa nimesimama mlangoni, nahesabu njia kichwani: sasa yuko Mchinga, sasa ameanza kupanda. Nilimwomba Mungu lizime mapema, lizime tambarare, lizime akiwa peke yake barabarani. Sijawahi kuomba gari liharibike kabla ya siku ile.

Mara ya sita alipokea. Hakusema halo. Nilisikia upepo, halafu pumzi zake.

"Ulisema umemaliza," alisema.

Njia ya mwongo fupi. Yangu haikumaliza hata kilima cha kwanza. Alikuwa hai. Gari lilimzimikia akiovateki lori, akawahi kujirudisha nyuma yake kwa bahati tu, lakini lori la pili lililokuwa linashuka likamng'olea kioo cha pembeni. Yeye alikuwa amekaa kando ya barabara, hathubutu kuligusa. Nikamwambia asiliwashe, nakuja. Nilipogeuka mama alikuwa nyuma yangu ameshajifunga mtandio.

Nilimkataza, hakujibu. Akapanda pikapu ya mteja iliyokuwa bandani, akakaa mbele, chupa yangu ya achari akaiweka mapajani maana nilikuwa nimeitupa kitini. Njia nzima midomo yake ilikuwa inasoma.

Tulimkuta amekaa kwenye jiwe. Vipande vya kioo vilikuwa juu ya lami. Mama alikwenda moja kwa moja kwake, akampapasa mabega, mikono, masikio, akamtazama macho. Kisha akaja akasimama nilipokuwa naifungua pampu. Petroli ilimwagika kwenye chupa, nikamshikisha aishike, na yeye akaitazama inavyotulia. Safari hii maji yalikuwa zaidi ya nusu, manjano, safi. Mdogo wangu alikuja akaona, akaelewa bila kuambiwa, akaketi tena.

"Mama, ungeniambia ninywe," alisema.

"Nilikuambia," alisema mama.

Hakulia. Aliiinua ile chupa mpaka usawa wa macho, akaitikisa, maji na petroli vikachanganyika, akasubiri, vikatengana tena. Alirudia mara mbili. Halafu akaniuliza mimi, kwa sauti ya chini ambayo mdogo wangu asingeisikia, nilijua lini.

Nilisema jana.

"Jana ulikuja mpaka mlangoni kwangu."

Nikasema ndiyo.

"Ukaniogopa mimi," alisema mama, "hukuliogopa lori."

Akanirudishia chupa. Nikaendelea kumwaga tangi.