Mama Mkwe Chini ya Misuko

Nilipanda ngazi na begi langu, natoka stendi moja kwa moja, nikasukuma mlango wa kioo uliochorwa mkasi. Mji ule sikuwa naujua hata kwa kusikia. Nilichokuwa nacho ni miadi ya kunyolewa saa sita, niliyojiandikishia kwa simu nikiwa bado njiani, maana kesho yake nilitakiwa kuzungumza mbele ya watu na kichwa changu kilifanana na brashi ya choo.

Wanawake wawili wakanitazama. Mdogo, aliyekuwa anamsugua mteja kwenye beseni, akasema, "Wa nane ndiye huyu."

Mkubwa akashusha mabega. "Nilidhani ni mama."

Nikaambiwa niketi, nikaelezwa. Mkubwa ndiye mwenye saluni. Mtaani wanamwita Mama Rula, kwa sababu siku moja walimkuta anapima kioo cha kompyuta kwa rula ya shule, na jina likaganda. Mdogo ni wifi yake, dada wa mumewe, muosha nywele na mchokozi wa nyumba. Miadi yote ya saluni iko kwenye programu moja ya kupangia ratiba, programu huria, yaani imetengenezwa na watu wa kujitolea walio pande zote za dunia, na yeyote anaweza kupendekeza marekebisho. Ni nzuri, ila ilikuwa na ugonjwa mmoja: miadi ambayo mteja amejiandikishia mwenyewe kwa simu, ikigongana saa na mirefu zaidi, huchorwa chini ya hiyo mirefu. Kusuka huchukua muda wa saa sita. Kunyoa, nusu saa. Kwa hiyo mimi nilikuwa nimezikwa chini ya misuko ya mwalimu wa chekechea, ambaye alikuwa pale pale kwenye kiti, kichwa nusu kimesukwa, akinitazama kwa huruma.

Juu ya siku ile programu iliandika kwamba kuna miadi tisa. Masanduku yaliyoonekana yalikuwa saba. Mimi nikawa wa nane. Wa tisa kila mtu mle ndani alimjua, ila hakuna aliyejua ni saa ngapi.

Alikuwa mama mkwe wa Mama Rula. Goti linamsumbua, kwa hiyo hupakwa rangi ya nywele nyumbani kwake. Hujiandikisha mwenyewe kwa simu kama mteja mwingine yeyote, kisha haongei tena. Mara mbili alikaa na taulo mabegani hadi jioni, kwa kuwa mara mbili Mama Rula hakumwona kwenye kalenda. Ikitokea mara ya tatu, alisema, atahamia saluni ya ng'ambo ya barabara. Saluni ya ng'ambo ya barabara ni ya mke wa kwanza wa mume wa Mama Rula.

"Bado anampenda," wifi alisema, akikamua taulo. "Picha yake ya harusi iko ukutani. Yako iko kwenye droo."

"Wifi, osha watu."

Nikauliza kwa nini asimpigie tu simu mama na kumuuliza. Wote watatu, mwalimu akiwemo, wakanitazama kama niliyependekeza kuchoma nyumba. Kuuliza saa ni kukiri kwamba umesahau. Wifi alishatumwa kuchunguza, akajibiwa kwamba kila kitu kiko kwenye kalenda. Siku nyingine walishajaribu pia kufuta kwa muda misuko ya bibi harusi mmoja ili waone kilichoko chini. Programu ikamtumia bibi harusi huyo ujumbe kwamba saluni haimhitaji tena, naye akaja na kaka zake.

Basi Mama Rula akaamua kuitibu programu yenyewe. Alikuwa akijifunza kuandika msimbo wa kompyuta mtandaoni tangu mwaka juzi, dakika arobaini arobaini, muda ambao rangi hukaa kichwani kabla ya kuoshwa. Wazo lake lilikuwa jepesi: miadi inayogongana isipandiane, isimame bega kwa bega, kila mmoja ajibane kidogo kama watu kwenye benchi. Rula ilikuwa ya kuhakikisha hakuna anayeonewa. Alishapeleka kazi yake, na ikikubaliwa tu, kalenda ya kila mtu hubadilika ndani ya dakika chache.

Ila msimamizi wa programu, bwana mmoja wa mbali ambaye hawajawahi kuonana, alikwama kwenye mfano wa kalenda ambao Mama Rula aliuambatisha. Jibu lilifika asubuhi ile, fupi na la adabu: mfano unaonyesha mtu mmoja ana wateja saba kwa wakati mmoja, jambo hilo haliwezekani, tafadhali alete mfano wa kweli.

Mama Rula alinisomea huku mkasi ukinizunguka sikio la kulia. Alitaka kujua, kwa kuwa mimi ni mtu wa safari na lugha nyingi, kama bwana yule amemwita mwongo. Nikasema hapana, bwana yule hajawahi tu kukaa saluni.

"Ana upara," wifi akasema. "Mwenye nywele angeelewa."

Nikatazama chumba. Mwalimu, akisukwa kwa vipindi. Mama wa duka la dawa, rangi kichwani, bado dakika ishirini. Fundi cherehani chini ya drai, amesinzia mdomo wazi. Mmoja kwenye beseni. Dada wawili mapacha, vichwa vimefungwa mifuko ya nailoni, wakingoja dawa iingie. Na mimi. Ndivyo kazi ile ilivyo: kichwa kimoja kikingoja, mikono inahamia kingine. Nikasema bwana yule apigiwe picha ajionee.

Wateja waligoma kwa sekunde mbili, kisha wakaanza kujipanga. Mapacha walitaka mifuko ikazwe. Mwalimu alitaka upande uliosukwa ndio uonekane. Fundi cherehani hakuulizwa. Wifi akaandika saa ya kila mtu kwenye karatasi, akatubandika vifuani kwa vibanio vya nywele, na Mama Rula akapanda juu ya kiti akapiga. Chini ya picha aliandika sentensi moja: hawa wote ni wangu, saa hii.

Tukangoja. Mwalimu akasukwa mistari mitatu. Mama wa duka la dawa akaoshwa. Saa nane kasorobo kompyuta ikalia, na Mama Rula akasoma kimya kwanza.

"Anasema, 'Nimeelewa, nimekubali. Huyo aliye chini ya drai anapumua?'"

Wifi akamtikisa fundi cherehani, naye akauliza kama zamu yake imefika. Mama Rula hakucheka. Aliipakia kalenda upya, mara ya kwanza, ya pili, ya tano, hadi misuko ya mwalimu ikajibana kushoto, na pembeni yake likatokea sanduku jembamba kama njiti ya kiberiti: Mama, rangi, nyumbani, saa nane kamili.

"Dakika saba," mwalimu akasema.

Rangi, brashi na glavu zikaingia mfukoni. Wifi akaambiwa aendelee kusuka, na mwalimu akashika kichwa chake kwa mikono miwili. Kisha Mama Rula akanitazama kwenye kioo. Upande wa kulia nilikuwa waziri, wa kushoto bado abiria.

"Kaka, samahani sana. Usiondoke."

Nikamwambia hivi nilivyo sina pa kwenda, lakini alishafika ngazini. Tulimwona dirishani akikimbia na aproni kiunoni, akipita mbele ya saluni ya ng'ambo bila kugeuza shingo. Kona ikammeza, na simu ya wifi ikaita. Wifi akasikiliza, akaifunika kwa kiganja.

"Mama yuko roshani, anamwona anakuja. Anasema atembee kama mtu mzima, maji yenyewe ya kuoshea nywele hayajachemka."