Magitaa Manne ya Baba

Mwaka jana nilirudi kwetu Matiliku kwa arusi ya mtoto wa binamu yangu. Kanisa ni lile lile la mawe, ila sasa lina mabati mapya na umeme. Nilikuwa nimeketi benchi ya nyuma na akina mama wenzangu wakati kijana mmoja wa kwaya alipochomeka waya, akashika gitaa la besi, akavuta uzi mnene mara moja tu, kujaribu. Benchi ikatetemeka chini yangu. Watu wakapiga makofi. Mimi nilitoka nje, nikasimama uwanjani kwenye jua, nikashindwa kurudi ndani mpaka bibi arusi alipotoka. Waliponiuliza, nilisema ni joto. Wewe acha nikueleze vizuri.

Baba yangu alikuwa mpiga besi. Hakuimba. Watu wakitoka dansi walimsifu mwimbaji na yule wa solo, yeye hakuna aliyemtaja, na hakujali. Alikuwa akisema, "Besi huisikii. Unaijua siku ikikosekana." Siku za kazi alikuwa fundi wa baiskeli pale sokoni, na Jumamosi mchana bendi yao ilipiga kwenye vituo vya biashara, kuanzia Sultan Hamud hadi ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui. Wanaume wenzake wakipata kitu walinunua mbuzi. Baba alinunua gitaa jingine la besi. Nilipofika darasa la tano alikuwa na manne, ameyatundika kwa misumari kwenye chumba ambacho nyumba nyingine ziliweka mahindi.

La kwanza lilichongwa na seremala wa Mutomo kwa mti wa mukau. Lilikuwa zito kama mlango, na kwa sura ndilo lililokuwa baya kuliko yote, lakini baba alilipenda kupita mengine. Sauti yake ilikuja polepole, kama mtu mnene anayeinuka kitini. La pili lilikuwa jekundu, la Kijapani, alilonunua kwa bendi iliyovunjika. Jua lilikuwa limeipinda shingo yake, kwa hivyo kila noti ilitoka na kamlio ka nyuki. La tatu lilikuwa jeusi na fupi, lilipiga kavu, neno moja moja halafu kimya. La nne lilikuwa la kahawia. Hilo baba aling'oa vyuma vyote vya shingoni kwa koleo, akaziba mifereji kwa gundi ya mbao ili vidole viteleze. Bendi nzima ilidhani amerukwa na akili. Gitaa hilo lilikuwa likiomboleza, sijui niseme vipi tena.

Nyuzi mpya hazikupatikana karibu. Zile kuukuu zikizimika sauti, baba alizichemsha ili zitoe uchafu, na sufuria aliyochukua ni ile ile ya kupikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa. Mama alikuwa akituita tule huku amekunja uso: "Njooni. Leo tena ni mahindi, maharagwe na chuma." Na kweli, siku mbili nzima chakula kilikuwa na ladha ya msumari.

Jumapili alasiri, mama akiwa ametoka kanisani, sisi tumeshachota maji kwenye mchanga wa mto na punda amefungwa, baba aliburuta sanduku la spika hadi uani. Aliliunga na amplifaya, na amplifaya na betri ya gari, ambayo bado ilikuwa na nguvu iliyobaki kwenye dansi ya jana. Alipiga mstari mmoja tu, noti sita, kwa gitaa la kwanza, la pili, mpaka la nne, tupate kulinganisha. Kisha alitugeuza migongo, akachanganya, akatuuliza ni lipi hilo. Mimi nilikosea mara nyingi. Mdogo wangu hakukosea hata siku moja.

Na mdogo wangu hakuwa anasikia. Alipokuwa na miaka mitatu homa kali ilimlaza wiki mbili, na ilipomwacha iliondoka na masikio yake. Aliketi ameegemeza mgongo kwenye sanduku la spika, miguu mitupu mavumbini, macho amefumba. Noti zikiisha alijibu kwa mkono. La Mutomo lilikuwa kiganja tumboni. Jekundu, vidole viwili kwenye meno. Jeusi, ngumi inagonga goti. La kahawia, mkono unashuka kooni kama mtu anayemeza maji. Baba alicheka mpaka machozi. Alikuwa amempata mtu mmoja duniani wa kumsikiliza.

Ishara hizo nne ndizo zilizozaa lugha yetu, mimi na yeye. Bibi yetu tulimwita tumbo, kwa sababu alikuwa mpole na alitutuliza. Mwalimu mkuu alikuwa goti. Mzee wa kanisa aliyekuwa jirani yetu alikuwa meno. Kutoka hapo tukaongeza na kuongeza, mpaka tukaweza kuwasema watu wakiwa wamekaa papo hapo. Mama alielewa nusu. Baba hakuwa na haja, yeye alikuwa na magitaa.

Yule jirani alisimama siku moja langoni kwetu akamwambia baba, "Nyumba imejaa vyombo vya shetani, mtoto atasikiaje?" Siku hizi naamini hakuwa na ubaya, alisema alichofundishwa. Baba alimcheka. Lakini jioni nilimwona amekaa na lile jeusi mapajani, hapigi.

Halafu mvua ikakosa, na iliyofuata nayo ikakosa. Ni ile njaa ambayo Wakamba waliipa jina la nikw'a ngwete, nakufa huku nimeshika, kwa maana hata mwenye kitu mkononi hakupata unga wa kununua. Dansi zikaisha. Tulikula mahindi ya njano ya msaada, na mama alikuwa mjamzito. Siku uchungu ulipomshika ulikuwa bado mwezi mzima, na damu haikukatika. Walimpakia kwenye lori lililokuwa limeleta mahindi, juu ya magunia matupu, baba akamshika kichwa, wakaenda hospitali. Tulibaki na bibi siku tisa.

Mama alirudi anatembea kwa kushika ukuta. Mtoto hakurudi. Na baba alirudi mtu mwingine. Kule hospitalini, mama akiwa hajitambui, alikuwa amemwahidi Mungu kwamba akimwachia mke, magitaa yote atayachoma mbele ya kanisa.

Niliwasikia wakibishana jikoni. Ni mama aliyekataa, yeye mwenye kanisa, yeye wa sufuria.

"Mungu alikuomba magitaa?"

"Nilimwambia mwenyewe."

"Basi mwambie tena. Huyu mtoto wetu asiyesikia, unamwachia nini?"

"Mama watoto, nimeshasema kwa mdomo wangu. Nikirudisha neno, halafu wewe uanze kuugua tena, nitamwambia nani?"

Mama hakuwa na nguvu za kubishana na mtu aliyekuwa ameogopa kiasi kile.

Jumapili iliyofuata, asubuhi, baba aliyatoa matatu akayaegemeza kwenye mkokoteni. Lililobaki, lile la Mutomo, mdogo wangu alikuwa amelikumbatia sakafuni, tumbo lake kwenye mbao, anavuta uzi mnene kwa kidole gumba. Hakukuwa na umeme wala spika, lakini mbao zile zilimtosha. Baba alimwinamia, akashindwa kumnyang'anya. Akaniita.

"Ongea naye. Ni wewe anayekuelewa."

Ishara ya moto tulikuwa nayo. Ningeweza kumwambia. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilijua ni kitu gani kinakwenda kufanyika, na nilijua atalia, na sikutaka kuwa mimi niliyemliza. Nikamwambia kwa mikono: nyuzi, maji moto, linarudi.

Aliiangalia mikono yangu, kisha akauangalia uso wangu. Kila mara alimalizia na uso, ndiko alikohakikisha. Nikatabasamu. Akaliachilia.

Baada ya mahubiri watu walitoka uwanjani. Baba alitoa ushuhuda mfupi, na wazee wakayamwagia magitaa mafuta ya taa. Lile jekundu lilishika haraka, rangi ikavimba na kupasuka. Jeusi likafuata, na la kahawia. Mukau haukubali moto upesi, lile la Mutomo lilibaki katikati likifuka moshi wakati akina mama wanaimba. Nyuzi zikaanza kukatika moja moja, na kila ulipokatika mmoja watu walisema haleluya.

Mdogo wangu alikuwa mbele na watoto wa Sunday school. Hakulia. Alitazama mpaka alipoelewa, kisha akageuka akaanza kunitafuta kwenye umati. Akaniona. Nilikuwa nimeificha mikono nyuma ya mgongo.

Tangu siku ile hakuitazama tena mikono yangu. Unajua kwa mtu asiyesikia hilo ni nini? Mimi nikigombana na mtu naweza kumfuata na maneno hata akinipa mgongo. Yeye aligeuza uso tu, na mlango ukafungwa. Nilimgusa bega, nilimvuta nguo, nilisimama mbele yake nikiwa nalia. Alingoja nimalize, akaenda kufungua punda.

Baba alipewa kazi ya kukusanya sadaka, na alikuwa mwaminifu. Kwenye maombi marefu vidole vyake vya kushoto vilitembea pajani, na akigundua alivikalia. Hakugusa gitaa tena. Mama aliishi miaka mingi, ameshukuru Mungu na hajamsamehe mumewe, yote mawili kwa pamoja.

Mwaka uliofuata mwalimu mkuu alimtafutia mdogo wangu nafasi kwenye shule ya bweni ya viziwi. Alirudi likizo na ishara za kweli, za haraka, nzuri, ambazo hakuna hata mmoja nyumbani aliyeweza kuzisoma. Zetu hakuzitumia hata kuomba chumvi.

Leo ni fundi cherehani Sultan Hamud, hodari sana, na ana binti anayesikia, ndiye hututafsiria. Baada ya kumzika baba nilikwenda kwake. Tulikuwa mezani, amepika ugali na kunde, nikaona nisiposema siku hiyo sitasema tena.

"Mwambie mama naomba msamaha kwa mambo ya yale magitaa."

Msichana akamweleza. Mdogo wangu akajibu kwa kifupi, bila kuacha kupakua.

"Anasema babu alichoma vitu vyake. Hana neno na babu."

"Na mimi, je?"

Mikono ya msichana ikauliza. Mdogo wangu aliniwekea kunde, akaongeza, akasogeza sahani mbele yangu.

"Anti, anasema tule. Chakula kinapoa."

Tukala. Alinipakulia mara mbili na kunifungashia matunda ya kwenda nayo. Njiani nilizihesabu ishara zetu zile ninazokumbuka. Tulikuwa na ya punda, ya kiu, ya mvua inayonyesha kilima cha pili na kutupita. Ya kumwambia mtu nisamehe hatukuwahi kuitunga. Tulikuwa watoto, haikuwa imehitajika.