Samaki wa Mwajuma na Saa Mbili za Angani

Siku ya kwanza nilipoingia kazi ya kufunga samaki wa ndege, Bi Tausi wa Bangwe, mkubwa wetu pale uwanja wa ndege wa Kigoma, hakuniuliza kama najua kusoma. Alinipa mgebuka mbichi mkononi, samaki wa ziwa letu. "Huyu anakwenda Dar. Atafika?"

"Si ndege inatumia saa mbili tu, mama?"

Akacheka hadi kanga ikamdondoka. "Saa mbili ni za rubani! Wewe hesabu tangu anatoka majini mpaka anaingia chunguni."

Hiyo ndiyo kazi yenyewe, wajukuu zangu. Samaki wa treni tulimbanika akawa mkavu kama kuni. Wa ndege alikwenda mbichi: unamtoa matumbo, unamlaza na wenzake kichwa kwa mkia, barafu chini, barafu juu, kisha boksi unalizungushia utepe wa gundi. Kabla ya kufunga, Bi Tausi alimwuliza mwenye mzigo, "Nani anamngojea?" Wa mgonjwa tulimzidishia barafu bila kuambiwa.

Bi Tausi akastaafu, akaja Msimamizi wa Mizigo, Gervas, mtu wa tai shingoni. Wimbo wake mmoja: "Dar hapo tu, saa mbili."

Dada yangu Mwajuma alikuwa anaumwa huko Dar, chakula hakipiti. Akanipigia simu. "Mdogo wangu, nataka mchuzi wa mgebuka wa kwetu, wa mawese. Huo utapita." Alfajiri nikaenda Kibirizi kwa wavuvi, nikachagua mwenyewe, nikafunga mwenyewe.

Abiria wanapanda, naona boksi langu linashushwa. Kuna mkubwa mmoja masanduku yake hayakuenea.

"Bwana Msimamizi, ule mzigo ni wa mgonjwa!"

"Utakwenda kesho, bibi. Samaki gani anaoza kwa saa mbili?"

"Na leo kutwa je? Nipe basi niongeze barafu."

"Mzigo ukishapimwa haufunguliwi. Na usinisogelee, nyie watu wa samaki mnanuka."

Akalifungia stoo, chini ya bati, na jua la Kigoma mnalijua. Kesho yake ndege ikapitia Tabora kwanza.

Jioni nikampigia Mwajuma. "Wamefika?"

"Wamefika, mdogo wangu. Nimekunywa mchuzi mpaka jasho limenitoka."

Nikalala nimefurahi.

Haikupita wiki akafariki. Ndege imejaa, nikapanda basi, nikakuta wameshazika. Binti yake Rehema akanivuta kando. "Mama mdogo, lile boksi tulilichimbia shimo. Harufu ilijaa nyumba nzima. Mama akanikataza nisikwambie."

Niliporudi kazini, Gervas akaninyooshea mkono wa pole. "Ungepanda ndege, bibi. Dar saa mbili tu." Mkono ule sikuupokea. Siku naagwa kazini, ameshahutubia jinsi walivyoileta Dar karibu na Kigoma, akaunyoosha tena mbele za watu. Nikaingiza wangu ndani ya kanga. Watu wakaguna. Waache wagune.

Sasa nakaa zangu Ujiji. Mjukuu wangu Salma juzi ananionyesha tangazo la ndege kwenye simu yake: "Bibi, tazama, Dar karibu kweli siku hizi, saa mbili!"

Nikamwambia, "Karibu na nani, Salma? Mwajuma alikuwa mwisho wa saa mbili hizo hizo, na amekwenda kaburini akinidanganya kwamba ameshiba."