Gari Lililokataa Maji ya Moto

Mume wangu alikuwa fundi hodari. Nalisema hilo mapema kwa sababu ninayotaka kuyasimulia hayamsifu sana. Miaka hiyo ya sabini alikuwa akitengeneza malori Kigoma mjini, nami nilibaki Kasulu na shamba la maharage na mtoto wetu mmoja. Alikuja mwisho wa mwezi. Mtoto alimpigia makofi na kumwamkia kwa Kiha, "mwakeye", kwa adabu zote, kama anavyoamkiwa mgeni, halafu akaja jikoni kuniuliza ataondoka lini. Mume wangu alicheka. Mimi sikucheka hata kidogo.

Kwa hiyo niliposikia kwamba daktari mmoja wa kigeni pale Kasulu anatafuta fundi wa kulitunza gari lake na kumwendesha, nilimtumia mume wangu ujumbe kwa kila basi lililoteremka Kigoma. Akaja. Daktari akampa gari alale nalo kwetu siku tatu, na kila asubuhi saa kumi na mbili liwe mlangoni kwake. Siku ya tatu wangekwenda Kibondo kutibu wagonjwa. Gari likiwahi siku hiyo, kazi ni yake. Likichelewa, arudi kwenye malori.

Halikuwa gari kama yale tuliyoyazoea. Chini ya kiti kulikuwa na kisanduku cha bati, na nyaya zilizotoka humo zilikwenda mpaka kwenye injini. Mume wangu alikigonga kwa kidole, akasikiliza, akatangaza kwamba hiyo ni redio iliyokufa.

Asubuhi za Julai kwetu zina baridi, na fundi wa malori ana dawa yake: jioni anamwaga maji yote ya rejeta, yale yanayoipoza injini, alfajiri anajaza ya moto, injini inaamka. Wa kuyachemsha, bila shaka, ni mke wa fundi.

Siku ya kwanza nilichemsha sufuria mbili. Akajaza, akawasha. Gari likakohoa, likanyamaza. Akafungua plagi, akazifuta, akazinusa, akazirudisha. Liliwaka saa tatu, jua limeshapanda, naye akazisifu plagi zake. Siku ya pili aliyataka maji yanayotokota. Nikayatokotesha. Gari halikukohoa hata kukohoa. Majirani wakasukuma, betri ikaisha nguvu, ikabidi ipelekwe kuchajiwa, na mume wangu, mbele ya watu wote hao, akasema, "Maji ya mke wangu hayakuiva."

Hayakuiva! Kana kwamba ni maharage.

Usiku huo sikusema naye. Niliogopa pia, nalikubali. Nilishaanza kumwona akifunga mfuko wake wa nguo kwa safari ya Kigoma.

Siku ya tatu daktari alikuja kwetu mwenyewe, kwa miguu, akiitazama saa yake. Mume wangu akaita, "Mama, maji!"

"Yamo mtungini," nikamjibu.

"Ya moto, Mama."

"Ya moto hayaivi nyumba hii. Chukua hayo."

Hakuwa na la kufanya. Akachota maji ya mtungi, baridi kama yalivyotoka mtoni, akajaza rejeta huku akininong'oneza kwamba nimemmaliza. Akawasha. Gari likaitika mara moja, likanguruma hapo uani, kuku wakakimbia.

Daktari akafurahi. Akauliza, "Umetengeneza nini, fundi?"

Nilijua atakalosema. Plagi. Niliinamisha kichwa nisione aibu ya uongo huo. Mume wangu akasema, "Sikutengeneza kitu, Bwana Daktari. Mke wangu amekataa kunichemshia maji."

Daktari alicheka mpaka akashika boneti. Ndipo akatueleza. Ndani ya maji ya injini kuna kipimo kidogo cha joto, na kipimo hicho hupeleka habari kwa waya mpaka kwenye kisanduku. Kisanduku ndicho kinachoamua injini ipewe petroli kiasi gani. Ikiwa baridi, hupewa nyingi. Ikishapata moto, hupunguziwa. Sisi tulimwagia kipimo maji ya moto, kikaripoti kwamba injini imeshatembea safari nzima, na kisanduku kikainyima petroli ile ile iliyoihitaji ili iamke.

"Kwa hiyo kile si redio," mume wangu akasema.

"Si redio," daktari akasema. "Ingia, twende Kibondo. Na kesho uje uanze kazi."

Nilimpenda mume wangu asubuhi ile kuliko siku ya harusi yetu, ingawa sikumwambia, maana angelijua angenisumbua. Walikwenda, na giza lilipoingia akarudi amejaa vumbi la barabara ya Makere mpaka kwenye kope, anaulizia chakula. Tangu tuoane, siku hiyo ndiyo ya kwanza aliyoondoka asubuhi na mimi nikapika cha jioni cha watu watatu.