Shimo la Mlingoti

Mwezi uliopita mwalimu mkuu wa shule yangu ya msingi pale Kitengela alinipigia simu. Walikuwa wanang'oa mlingoti wa zamani wa basketiboli ili wajenge uwanja mpya, na akauliza kama ningependa kuchukua ile ringi iwe ukumbusho. Nilienda. Kama umewahi kunisikia redioni, unaujua mlingoti huo. Nimeusimulia mara nyingi kuliko inavyofaa.

Miaka ya tisini Kitengela ilikuwa nyasi, swala na mlio wa nyundo machimboni. Nyundo zilianza kugonga kabla hatujamaliza chai ya asubuhi, na vumbi la mawe lilitufuata hadi kwenye sahani za githeri, mahindi na maharagwe yetu ya mchana. Kila Ijumaa sisi wasichana tulibeba mitungi ya maji tukanyunyizia kiwanja ili tuweze kuuona mpira. Mlingoti alitusimikia jirani yetu, fundi wa mawe, wikendi moja, kwa hiari yake.

Mwalimu wa michezo alikuwa amemwagiza shimo lifike kiunoni. Jumatatu tulikuta mlingoti umezungushiwa mawe na saruji, na ringi iko juu ajabu. Shimo lilikuwa limefika magotini tu. Mwalimu alipolalamika, fundi alipangusa mikono akasema, "Mwalimu, huko chini iko na jiwe ngumu sana."

Nani angemwamini? Fundi wa mawe ashindwe na jiwe? Tukambandika jina la Nusu Shimo, na baada ya muda akawa analiitikia.

Nilipofika darasa la nane, shule moja ya upili mjini Kajiado ilitaka kumchukua msichana mmoja kutoka kwetu aichezee timu yake, asome bila karo. Dada zangu wawili walikuwa wameishia darasa la nane, na mimi sikuwa na njia nyingine ya kuendelea na masomo. Mwalimu alinipeleka kwenye majaribio. Ringi ya kule ilikuwa na urefu unaotakiwa, kwa hiyo kila mpira niliorusha ulipita juu yake. Nilikosa mara nne, wasichana wakaanza kucheka, nami machozi yakanilengalenga. Mwalimu akaita kutoka pembeni, "Rudi nyuma. Rudi tena kidogo."

Nikarudi hatua mbili, nikarusha vilevile nilivyozoea nyumbani. Ukaingia. Mitatu iliyofuata pia ikaingia, kutoka mahali ambapo hakuna aliyejaribu siku ile.

Kurusha kutoka mbali ndiko kulikonilea. Kulinipa shule, kisha klabu ya Nairobi, kisha misimu sita nje ya nchi, kwenye viwanja vya sakafu ya mbao, hadi magoti yaliponistaafisha. Kila nilipoulizwa nilijifunzia wapi, nilisimulia habari za fundi mvivu aliyechimba nusu shimo. Watangazaji walicheka sana. Likizo moja nilikutana naye sokoni, kumbe alikuwa amenisikia redioni. Naye alicheka. "Ni sawa tu," akasema. "Lakini ile jiwe, msichana wangu, ilinishinda." Nikampiga begani kwa utani. Alipozikwa mwaka juzi, bado kulikuwa na waombolezaji waliomwita Nusu Shimo.

Vijana walipoung'oa mlingoti, niliinama nikachungulia. Chini kulikuwa na mwamba mweusi, na uso wake wote ulikuwa umejaa alama nyeupe za tindo, moja kando ya nyingine, hakuna sehemu aliyoiruka. Katika ufa mdogo ilikuwemo ncha ya tindo iliyovunjika. Ulimi hauna mfupa, mama alikuwa akituambia. Niliona aibu huku watu wananitazama.

Ringi niliiacha. Ile ncha nilimpelekea mjane wake. Aliigeuza mkononi kwa muda.

"Hiyo Jumapili hata hakuenda kanisa," akasema. "Alirudi jioni mikono yote imechubuka. Alikuwa anaogopa mwalimu ataona ni kama hakujaribu."

Niliporudi shuleni, shimo lilikuwa limeshamwagiwa zege. Msamaha nilikuwa nimemwomba mjane, kwa kuwa fundi mwenyewe hayupo tena.