Nilisema Niliita "Dawa!"

Kosa ni langu, na naliandika kwa mkono wangu. Sikuwa nimelewa, sikutumwa na mtu, wala sikuwa mtoto. Niliogopa kuchekwa. Basi!

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, huku kwetu upande wa Mitaboni. Majina nimeyabadilisha. Mwalimu mmoja mstaafu, mwanamke asiyependa mchezo, alifuga kondoo wa sufu kumi na wanne. Huku wengi tuna mbuzi, kwa hiyo siku ya kunyoa kondoo hao majirani walikuja kutazama kama wanaoenda harusini.

Wanyoaji tulikuwa wawili, mimi na Musyoki, kila mmoja na mkasi wake. Jirani yetu mjane, Mama Kyalo, alishika brashi na kopo la dawa ya vidonda, ile ya zambarau. Sheria ya Mwalimu ilikuwa moja: ukimkata kondoo, hata kama ni mkwaruzo, unaita "Dawa!" na humwachilii mpaka Mama Kyalo apake. Mvua ilikuwa imenyesha na nzi walikuwa wengi.

Musyoki aliita mara mbili asubuhi nzima. Mimi, kabla ya chai, nilikuwa nimeita mara saba.

"Asi!" Musyoki akasema, wote wasikie. "Huyo unamnyoa ama unamchanja?"

Watu wakacheka. Mwingine akadakia, "Mama Kyalo, wewe hamia hapo kwake. Beba na kiti!"

Hata Mama Kyalo alicheka, mikono yake zambarau mpaka viwikoni. Lakini alipoinama kupaka aliniambia polepole, "Wacha wacheke. Wewe ita tu, mwanangu."

Kondoo aliyefuata alikuwa jike mwenye mimba. Nilipofika kwapani, pale ngozi inapojikunja, mkasi ukauma. Jeraha lilikuwa dogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Nikafungua mdomo niite. Nikamwona Musyoki ananitazama, ameshaanza kutabasamu.

Nikafunga mdomo. Nikabana kile kidonda kwa kidole gumba mpaka damu ikapungua, nikamwachilia kondoo. Nilijiambia kitajifunga chenyewe.

Kujifunga wapi!

Siku ya sita yule kondoo alijitenga na wenzake. Alipiga mguu chini, akageuka kujiuma ubavuni, akapiga tena. Mwalimu akatuita wote. Musyoki alipoinua mguu, harufu ikatupiga usoni. Funza! Walikuwa wameshachimba mpaka ndani.

Mwalimu alimkagua kondoo mwili mzima. Vidonda vingine vilikuwa vimekauka na bado vina rangi. "Hapa hapana zambarau," akasema. "Mama Kyalo, hapa ulipita aje?"

"Mwalimu, nilienda kila mahali niliitwa."

"Nani alinyoa huyu?"

"Ni mimi," nikasema. Laiti ningeishia hapo! Lakini nikaongeza, "Na niliita."

Mama Kyalo akanigeukia. Hakukasirika, ingekuwa afadhali. "Uliita, mwanangu?"

"Niliita, mama. Pengine ni kelele za kondoo."

Akashika sikio lake la kushoto, akalivuta kidogo, kama mtu anayejaribu redio mbovu. "Basi sikusikia," akasema. "Mwalimu, nisamehe."

Tulitoa funza, tukaosha kidonda, tukapaka dawa. Tulikuwa tumechelewa. Kesho yake kondoo alikufa, na mimba yake ndani. Mwaka uliofuata kopo la dawa lilishikwa na mtu mwingine.

Kondoo ningeweza kumsahau. Mama Kyalo siwezi! Huyu ndiye aliyekuwa akiitwa kila mbuzi wa jirani alipozaa kwa shida. Aliacha kwenda. "Masikio yangu yataua mnyama wa watu," alisema. Kanisani alitoka kwenye kwaya akiogopa kuwaharibia wenzake, akahamia benchi la mbele kabisa. Hadi leo ukimsalimu anakuelekezea sikio: "Sema tena, mwanangu. Masikio yangu unayajua."

Nayajua! Hakuna anayeyajua kuliko mimi. Siku moja nilikuwa kwake, tumeketi uani, akanyamaza ghafla, akainuka na kusema kuna kifaranga kimenaswa mahali. Mimi sikusikia kitu. Akaenda moja kwa moja nyuma ya ghala, akarudi nacho kiganjani.

"Ona," akaniambia, "leo Mungu amenifungulia kidogo."

Nilitaka ardhi inimeze! Hapo ndipo ningesema. Nilifungua mdomo, nikaufunga, kama nilivyofanya na mkasi mkononi. Mwalimu amekwisha kufa akiamini uongo wangu. Musyoki alihamia Athi River, na sidhani anakumbuka hata ule utani wake.

Wewe unayenyoa, unayeshona, unayeshika kitu cha mtu mwingine: ukikata, ita. Ita mara saba, ita ya nane, wacha wacheke! Kicheko kile kiliisha kabla chai haijapoa. Nilichokificha ili nisichekwe kilitoshana na ukucha, na mpaka leo hakijapakwa dawa.

Na kama umemtambua mama huyo, tafadhali msomee haya. Usipaze sauti. Anasikia vizuri.