Mchezo Niliodhani Nimeuunda

Mimi ni fundi redio hapa Bugene, na majuzi nilijiaibisha mbele ya baba mkwe. Nilinunua chipu ya FPGA, ambayo ukiiandikia saketi inageuka mashine unayoitaka. Nikaiandikia mchezo wa zamani wa mpira unaobomoa matofali. Nilipoiunganisha kwenye runinga, mpira ukadunda! Mwili ulinisisimka: kidude kidogo kama ukucha kimekuwa mashine nzima! Matofali hayakuonekana, nikasema si neno. Nikamwita mzee kutoka Ihembe.

"Shikamoo baba. Tazama nilichounda."

Mzee akavua kofia kwa mshangao. Dada yangu Jovitha, anayesomea elektroniki, akachungulia kompyuta niliyoandikia saketi.

"Kaka, saketi yako haikuingia kwenye chipu. Huu ni mchezo wa majaribio uliowekwa kiwandani."

Mzee akanigeukia. "Kumbe wewe umefanya nini?"

"Nimechomeka waya, baba."